Nguzo Ndani ya Maji Husimamaje?



Mhariri aliponiomba niandike somo la Fizikia kwa ajili ya muhula huu, niliona vema nieleze jambo lililonisumbua tangu likizo ya Juni mwaka jana. Jambo lenyewe ni hili: nguzo iliyosimikwa ndani ya maji hushikwaje na udongo, na kwa nini nyingine husimama miaka mingi na nyingine hulala kabla mwaka haujaisha?

Labda mtacheka mkisema, "Sisi watu wa Ufipa, tunaokaa Sumbawanga kwenye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, nguzo za majini zatuhusu nini?" Zatuhusu sana. Uwanda wetu umekaa kati ya mabonde mawili: upande wa mashariki Bonde la Rukwa, na upande wa magharibi Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufika mita 1,470. Huko magharibi ndiko yaliko magati yetu: Kasanga, mji ambao Wajerumani waliuita Bismarckburg, na Kipili na Kabwe. Tena wengi wetu tulio hapa shuleni ni watoto wa wavuvi wa mwambao huo. Mimi ni mmoja wao.

Habari ya gati la kijijini

Kijijini kwetu kikundi cha wavuvi, ambacho mwenyekiti wake ni baba yangu mkubwa, kilijenga gati dogo la mbao la kupakulia dagaa. Lilikuwa na nguzo 12 zilizosimama mbili mbili kutoka ufukweni hadi mahali penye maji ya mita moja na nusu. Kazi aliifanya mzee mmoja fundi wa mitumbwi, na ilikwisha mwezi wa Mei. Mwezi wa Juni upepo wa kusi ukaanza kuvuma, mawimbi yakawa makubwa, na mitumbwi iliyofungwa kwenye nguzo ikawa inavuta usiku kucha. Haukupita mwezi, nguzo nne za mwisho zikalala kuelekea nchi kavu.

Kikundi kikakaa mkutano. Ikasemwa kwamba fundi alichagua miti mibovu, na ya kuwa lazima alipe gharama ya nguzo zile. Kwa kuwa hakuwa na fedha, mtumbwi wake ulichukuliwa kuwa rehani. Nilifika likizoni siku mbili baada ya mkutano huo.

Nilikwenda kuzitazama nguzo. Niliona mambo mawili. Kwanza, hakuna nguzo iliyovunjika wala kuoza; zote zilikuwa nzima, ila zimeinama. Pili, shinani pa kila nguzo palikuwa na shimo kama bakuli, ambamo maji yalikuwa yameuchota mchanga. Nikajiuliza: ikiwa mti haukuvunjika, kilichoshindwa ni nini? Nilipompelekea fundi shikamoo, alinijibu marahaba, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mti ni kama mtu mgeni. Ukarimu ni wa mwenyeji. Mwenyeji wake ni udongo."

Maneno hayo nilirudi nayo shuleni. Nilimweleza mwalimu wetu wa Fizikia, naye akasema, "Usibishane na mtu kabla hujapima." Basi tukapima.

Jaribio la debe

Tulichukua debe, tukalijaza mchanga mkavu wa mtoni, tukaushindilia tabaka kwa tabaka. Nguzo yetu ilikuwa mpini wa ufagio wenye upana wa sentimeta 2.5. Tuliusimika wima, tukafunga kamba kwenye sehemu iliyo sentimeta 20 juu ya mchanga, tukavuta kwa mizani ya springi mpaka mpini ulale. Kila mara tulimwaga mchanga na kuujaza upya, ili majaribio yote yaanze sawa. Haya ndiyo tuliyoyapata:

Kina cha sentimeta 10: mpini ulilala kwa gramu 250.
Kina cha sentimeta 15: ulilala kwa gramu 700.
Kina cha sentimeta 20: ulilala kwa gramu 1,450.

Tazameni vema. Tuliongeza kina mara mbili tu, kutoka 10 hadi 20, lakini nguvu ya kuulaza mpini iliongezeka karibu mara sita. Wengi wetu tulikuwa tumekisia mara mbili. Mwenzetu mmoja alidhani tumekosea kusoma mizani, tukarudia, ikawa vile vile.

Kwa nini mara sita?

Sababu yake si ngumu. Mchanga ulio chini hubanwa na uzito wa mchanga ulio juu yake. Kwa hiyo kadiri unavyoshuka, ndivyo mchanga unavyozidi kukataa kusogezwa. Bibi zetu wanaolima matuta ya mviringo yaitwayo intumba wanalijua jambo hili kwa mikono: udongo wa juu huingia jembe kwa wepesi, wa chini hukataa.

Basi nguzo ikizamishwa mara mbili zaidi, hupata faida tatu kwa pamoja. Faida ya kwanza, urefu ulioshikwa na udongo ni mara mbili. Faida ya pili, nguvu ya udongo wa chini ni mara mbili. Faida ya tatu, mkono wa wenzo ambao udongo hutumia kuizuia nguzo, tukiupima kutoka ncha ya chini, nao ni mara mbili. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Lakini hatuipati nane yote, kwa sababu hata anayevuta juu hupata mkono mrefu zaidi kutoka ncha ile ya chini: zamani sentimeta 30, sasa sentimeta 40. Nane ukigawa kwa 40 na kuzidisha kwa 30 ni sita kamili.

Kwa hiyo kanuni ya nguzo fupi ngumu ndani ya mchanga twaweza kuiandika hivi:

Nguvu ya kulaza hulingana na (kina × kina × kina) ÷ (kimo + kina).

Hapa kimo ni umbali kutoka uso wa mchanga hadi mahali panapovutwa. Kanuni ya namna hii iliandikwa mwaka 1964 na mhandisi Bengt Broms, nayo hutumika hata leo kwa hesabu za haraka.

Jaribio la pili lilihusu lile shimo la shinani. Tulisimika mpini kwa kina cha sentimeta 20, kisha tukaondoa sentimeta 5 za mchanga wa juu katika debe zima. Sasa kina kilikuwa 15, na kimo kimekuwa 25. Mpini ulilala kwa gramu 650 badala ya 1,450. Yaani tulipoteza robo ya kina, tukapoteza zaidi ya nusu ya nguvu. Mkiitumia kanuni, mtaona kwamba yenyewe yatabiri asilimia 42. Sisi tulipata 45. Kwa debe na mpini wa ufagio, huo si ukaribu mbaya.

Jaribio la tatu lilikuwa la mawimbi. Tulivuta mpini kwa gramu 600 tu, nguvu ambayo haiwezi kuulaza. Mvuto wa kwanza uliusogeza milimeta 2. Tuliachia, tukavuta tena, hivyo hivyo mara 50. Mwishoni ulikuwa umesogea milimeta 5, na upande wa nyuma palikuwa na ufa. Kumbe wimbi halihitaji kuwa na nguvu nyingi. Lahitaji kurudi tu.

Kielelezo cha springi

Kanuni ya Broms yatuambia nguzo italala lini. Lakini mhandisi wa daraja au wa mtambo wa baharini hataki kujua hilo tu. Ataka kujua pia nguzo itasogea kiasi gani kabla ya kulala, kwani bomba la gesi au daraja la juu huweza kupasuka nguzo ikiwa ingali imesimama. Hapo ndipo panapohitajika kielelezo, yaani mfano wa hesabu unaoiga jinsi nguzo na udongo vinavyosukumana.

Wazo la kwanza lilitolewa mwaka 1867 na mwalimu wa uhandisi Emil Winkler. Alisema: tuusahau udongo, na mahali pake tuweke springi nyingi zilizopangwa kando ya kitu kilichoegemea. Kila springi husukuma kwa kadiri inavyobanwa. Ukiibana milimeta 1 itasukuma kiasi fulani, ukiibana milimeta 2 itasukuma maradufu. Kwa nguzo, fikirini ngazi ya springi kutoka juu mpaka chini, zile za juu laini na zile za chini ngumu.

Wazo ni zuri, ila lina kasoro. Udongo si springi ya chuma. Mwanzoni hukataa kwa nguvu, kisha hulegea, mwisho huacha kabisa kuongeza ukinzani. Wahandisi walihitaji kujua umbo la kulegea huko, nalo haliwezi kukisiwa mezani, lilibidi lipimwe.

Vipimo vilivyo maarufu vilifanyika Marekani, katika jimbo la Texas, wakati makampuni ya mafuta yalipokuwa yakisimika mitambo katika Ghuba ya Meksiko. Mtambo wa kwanza kuchimba mafuta mahali ambapo nchi kavu haionekani ulianza kazi huko mwaka 1947. Mhandisi Hudson Matlock alisimika bomba la chuma lenye upana wa milimeta 324 na urefu wa mita 12.8, akalivuta kwa upande huku akipima jinsi lilivyopinda. Moja ya mahali alipofanyia kazi hiyo ni ziwani, Lake Austin, ndani ya tope laini la chini ya maji. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1970. Lymon Reese na wenzake nao walipima nguzo ndani ya mchanga katika kisiwa cha Mustang, wakachapisha mwaka 1974.

Matlock aliona kwamba katika tope laini, kusogea kukiongezeka mara nane, ukinzani huongezeka mara mbili tu; kwa maneno ya hesabu, ukinzani hufuata kipeuo cha tatu cha kusogea, yaani mzizi wake wa tatu. Ukichora grafu, mstari hupanda kwa kasi, kisha hupinda, mwisho hulala sawa. Kila kina kina mstari wake. Ukiwa na mistari hiyo yote, waweza kukokotoa nguzo itapinda kiasi gani chini ya nguvu yoyote. Zamani kazi hiyo ilichukua siku nyingi za kuandika namba. Leo kompyuta huimaliza kwa dakika chache.

Ukinzani wa juu kabisa wa tope la chini, kwa kila mita ya nguzo, ni mara tisa ya nguvu ya tope zidisha kwa upana wa nguzo. Tuchukue mfano. Tope lina nguvu ya tani 2 kwa mita ya mraba, na nguzo ina upana wa mita 0.3. Basi 9 × 2 × 0.3 ni tani 5.4 kwa kila mita. Lakini karibu na uso wa tope tarakimu hiyo 9 hushuka hadi 3 hivi, kwani tope la juu lina pa kukimbilia: huinuka juu badala ya kubanwa. Tena mawimbi yakipiga mara kwa mara, Matlock alipunguza ukinzani wa chini hadi asilimia 72. Mnaona kwamba debe letu na ziwa lake vilisema jambo moja: sehemu ya juu ni dhaifu, na wimbi linalorudi hulegeza.

Mambo hayajaisha. Katika Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, mitambo ya kufua umeme kwa upepo husimama kila mmoja juu ya nguzo moja nene ya mita kadhaa, lakini fupi kwa kulinganisha na unene wake. Katika muongo wa 2010 mradi uitwao PISA ulipima nguzo za hadi mita 2 za upana huko Cowden nchini Uingereza na Dunkirk nchini Ufaransa. Iligunduliwa kwamba nguzo nene hupata msaada ambao springi za pembeni peke yake hazikuuhesabu: ncha yake ya chini husuguana na udongo, na pande zake, nguzo inapoinama, husugua juu na chini. Kielelezo cha zamani hakikuwa uongo. Kilikuwa kimeundwa kwa nguzo nyembamba.

Na kwetu Tanzania nguzo za majini zipo. Daraja la Tanzanite huko Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2022, limepita juu ya bahari. Daraja la J. P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi katika Ziwa Victoria, lina urefu wa takriban kilomita 3, na lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Apitaye juu yake kwa gari huziona nguzo za juu na nyaya zake, lakini mzigo wote umebebwa na nguzo zilizochimbiwa chini ya maji ambazo hakuna azionaye. Usione vyaelea, vimeundwa.

Hesabu ya gati letu

Sasa nirudi kijijini. Debe letu lilikuwa kama picha ndogo ya gati: sentimeta 10 kwa mita moja. Jambo moja lahitaji uangalifu. Mchanga wa debe ulikuwa mkavu, na ule wa ziwani umezama. Mchanga uliozama huinuliwa na maji, kama Archimedes alivyofundisha, kwa hiyo uzito wake unaobana hupungua kwa zaidi ya theluthi, na ukinzani nao hupungua hivyo hivyo. Kwa hiyo hatuwezi kuchukua kilo za debe na kuzipeleka ziwani. Lakini twaweza kuchukua uwiano, maana upungufu huo hupiga nguzo ndefu na fupi sawasawa.

Kamba za mitumbwi zilivuta kwenye kimo cha mita 2 kutoka chini ya ziwa. Nguzo zilikuwa zimeingia mita 1. Shimo la shinani lilikuwa na kina cha sentimeta 30, kwa hiyo kina kilichobaki ni mita 0.7 na kimo ni 2.3. Kanuni yatoa 0.343 ÷ 3, yaani 0.114. Kama nguzo zingeingia mita 2, na shimo likachimbwa lile lile, kina kingebaki 1.7 na kanuni ingetoa 4.913 ÷ 4, yaani 1.228. Ukigawa, nguzo ya mita 2 ingekuwa na nguvu zaidi ya mara kumi. Tena tukumbuke kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe hupanda na kushuka. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, yalipanda hata yakaingia katika makazi ya watu mwambaoni. Maji yakipanda, mitumbwi hufungwa juu zaidi, na kimo huongezeka.

Hesabu ikawa tayari, lakini shida yangu ndipo ilipoanza. Nilijua ni nani aliyesema nguzo ziishie mita 1. Fundi alitaka mita 2. Kazi ya kugongomea kwa gogo zito linaloinuliwa na watu wanne ilikuwa ya kuchosha na ya kulipiwa kwa siku, na baba mkubwa, akitaka kuokoa fedha ya kikundi, alisema, "Imetosha." Mtoto atamwambiaje mzee wake jambo kama hilo?

Niliandika barua. Sikuandika neno la kulaumu. Nilianza kwa shikamoo, nikamwuliza hali ya nyumbani, kisha nikachora debe na mpini, nikaandika vipimo vitatu, na chini yake nikaandika: "Baba mkubwa, nakuomba uwaonyeshe wanakikundi hesabu hii, nao waseme wenyewe kama ni mti au ni kina." Barua nilimpa dereva wa basi.

Mwezi wa Septemba baba mkubwa alikuja Sumbawanga kuuza dagaa, akapita shuleni. Nilimwamkia kwa hofu. Akasema, "Ile barua niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilichukua ndoo ya mama yako mkubwa na mti, nikajaribu mwenyewe nyuma ya nyumba."

"Na mara ya tatu, baba?"

"Mara ya tatu niliwasomea mkutanoni. Niliwaambia, aliyesema imetosha ni mimi."

Mtumbwi wa fundi ulirudishwa siku ile ile. Nguzo nne mpya zimegongomewa mita 2, na fundi amezungushia mawe shinani mwa kila moja ili maji yasichote mchanga. Kusi ya mwaka huu imekuja na kupita, nazo zimesimama.

Maswali ya kujipima

1. Nguzo imeingia mchangani mita 1.5, nayo yavutwa kwenye kimo cha mita 1.5. Ikizamishwa hadi mita 3 bila kubadili kimo, nguvu yake itaongezeka mara ngapi?

2. Kwa nini mawe shinani pa nguzo husaidia, ingawa hayakuifanya nguzo iingie chini zaidi?

3. Jaza debe udongo wa mfinyanzi wenye maji badala ya mchanga, urudie jaribio la mvuto wa mara 50. Ufa wa nyuma ya mpini hujifunga au hubaki wazi? Eleza tofauti uliyoiona.

Atakayefanya swali la tatu na anipe vipimo vyake, ili tuvichapishe muhula ujao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita